Seti Nne za Meno ya Awowe Dakane

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini sina neno jingine. Kwa miaka kumi na moja nilitengeneza meno ya bandia hapa Garissa, katika chumba kilicho nyuma ya kliniki ya meno, mpaka vidole vyangu vikakataa. Yale maji makali tunayochanganya na unga wa plastiki ili kupata ufizi wa bandia yalinipasua mikono ikawa kama udongo wa bwawa lililokauka. Daktari wa ngozi aliniuliza kama nilikuwa nikivaa glavu. Nikamwambia glavu zilinizuia kuhisi kama kazi imelainika sawasawa. Akaandika sentensi ndefu kwenye faili yangu, na hakunisomea.

Kwa hiyo nyinyi mnaoingia kazi hii, vaeni glavu. Huo ndio ushauri wangu wa maana. Yanayofuata ni makosa, na nitayaungama kadiri yanavyonijia.

Hakuna aliyenifundisha. Niliajiriwa kuwa mkalimani. Daktari Mwikali wa meno alikuwa mgeni, ametoka Kitui, na wagonjwa wengi walizungumza Kisomali. Kazi yangu ilikuwa kugeuza "Fungua mdomo" kuwa Kisomali na kurudisha "Sitaki" kwa Kiswahili. Meno ya bandia yalikuwa yakitengenezwa Nairobi na kuletwa kwa basi. Yalifika yakiwa mazuri kutazama, ila yalikuwa kama viatu vya kurithi. Mimi ni mtu nisiyeweza kuona picha imening'inia upande nikakaa kimya. Nikaanza kuyarekebisha kwa tupa ndogo, kisha nikaanza kutazama video kwenye simu, mafundi wa nchi za mbali wakifanya kazi hiyo kwa lugha nisizozijua. Nilijifunza kwa kutazama vidole vyao.

Kosa langu la kwanza nililifanya mdomoni mwangu mwenyewe. Mnajua kwamba chapa ya mdomo huchukuliwa kwa uji laini unaoganda kama ufizi na kutoka bila taabu. Uji ule ulikuwa wa daktari nami niliogopa kuumaliza. Nikajiambia plasta itafaa, si ndiyo tunayomimina baadaye kutengeneza sanamu ya taya? Nikajaza kijiko cha chapa, nikauma. Mlioshika plasta mnajua inavyofanya ikianza kuganda: inapata moto. Daktari alinikuta nimeketi kwenye kiti cha wagonjwa, mpini wa chuma umechomoza mdomoni, machozi yanatiririka. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akauliza kwa Kisomali, "Huyu naye ameumwa na nini?" Daktari akanigeukia ili nimtafsirie. Tukabaki tunatazamana wote watatu.

Alinitoa kwa koleo, taratibu, bila kunifukuza. Baada ya hapo akaninunulia vifaa na kunifundisha alichokijua, kwa sharti moja. "Chapa ya mdomo wa mgonjwa nachukua mimi," alisema. "Kazi yako ianze mdomo ukishafungwa. Tumeelewana?"

Tulielewana. Nililishika sharti hilo miaka minane, hadi alipokuja Awowe Dakane.

Awowe ni babu kwa Kisomali, na mzee huyu hakuwa babu yangu, ila hapa kwetu mtu wa umri wake ni awowe wa kila mtu. Alikuwa na ngamia zake nje ya mji, upande wa barabara ya Masalani, na siku za mnada alishinda sokoni akiwasaidia watu kukadiria umri wa ng'ombe. Mnajua umri wa ng'ombe husomwa mdomoni: meno mawili makubwa, manne, sita, kisha mdomo umejaa, halafu huanza kulika na kulegea. Mzee alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Siku ya kwanza alipoingia chumbani kwangu, kabla ya salamu kwisha, alinishika kidevu, akainua mdomo wangu wa juu kwa kidole gumba, akatazama.

"Waryaa, kijana, wewe una thelathini."

"Nina thelathini kasoro miezi miwili, Awowe."

"Unatafuna kucha. Unamwogopa nani?"

Nikaficha vidole mgongoni.

Yeye mwenyewe juu hakuwa na jino hata moja. Chini alibakiwa na manane ya mbele. Kwa daktari alikataa ukalimani wangu kabisa. "Mimi nauzia watu ya Thika ng'ombe," alisema. "Kiswahili iko. Daktari, hii meno ya juu wacha. Ng'ombe hana meno ya juu hapa mbele, na anakula mpaka anashiba. Tengeneza ya chini huku nyuma tu."

"Mzee, wewe si ng'ombe," alisema Daktari Mwikali.

"Najua. Ng'ombe iko na bei."

Daktari alishinda. Alimchukulia chapa, juu na chini. Alipoona kifundo cha mkono wake wa kushoto kimepinda akamuuliza kulikoni, na mzee akasema alijikwaa kwenye kamba mwaka uliopita, akauangukia mkono. Daktari akaandika. Mimi nilikuwa nikitazama rangi ya meno.

Nami nilitengeneza seti nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Niliipiga msasa siku mbili, nikaing'arisha mpaka nikaona taa ya dari ndani yake. Alirudi nayo baada ya wiki moja, imefungwa kwenye leso.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Inalegea?"

"Hailegei. Nyeupe mno." Mzee alikulia kwenye visima vya Wajir, ambako maji huyapaka meno rangi ya kahawia tangu utotoni. "Nikicheka, watu wananiuliza nimemnyang'anya nani. Nitengenezee meno ya kwetu."

Hapo ndipo nilipofurahia kazi kuliko siku zote za maisha yangu. Daktari akamchukulia chapa upya, nami nikachanganya rangi siku tatu. Niliweka mstari mwembamba wa kahawia hapa, doa la chai pale, na jino moja nikalitia ufa wa uongo. Mzee alijitazama kwenye kioo, akasema, "Huyu namfahamu." Hiyo ndiyo seti ya pili.

Miezi mitano baadaye alikuja kwa mlango wa nyuma. Kumbukeni mlango huo, kwa sababu aibu yangu yote ilipitia hapo.

"Ya chini inacheza," alisema. Tulizungumza Kisomali, nawaandikia kwa Kiswahili. "Nikipiga bei sokoni inaruka. Jana nilisema 'elfu themanini' ikatoka nje, mnunuzi akadhani nimepunguza."

"Nimwite daktari."

"Usimwite. Atanisema kuhusu sukari ya chai. Tena atampigia Bare." Bare ni mwanawe mkubwa, mfanyabiashara wa vitambaa mjini, mwenye nyumba mtaa wa Waberi. "Bare anatafuta sababu tu. Anataka nihamie kwake. Amenitayarishia chumba. Kuna kiti cha plastiki na televisheni. Unajua ngamia akilegea meno hufanywa nini?"

"Hufanywa nini?"

"Hutolewa kundini."

Nikafunga mlango, nikachukua chapa mimi mwenyewe.

Nataka mnielewe. Sikuvunja sharti la daktari kwa ajili ya huruma peke yake. Ile seti kulegea niliichukulia kama tusi. Nilikuwa nimepima kila pembe. Nikatengeneza ya tatu kwa siri, na ikakaa vizuri kwa miezi minne. Ilipolegea nayo, nikajua kwa hakika kwamba mimi ni fundi wa bure. Sasa hata yale meno yake manane yalikuwa yameanza kutikisika, mawili kati yake. Nikadhani ni sahani yangu inayoyavuta. Nikachukua chapa nyingine. Nilikwangua, nikapunguza, nikaongeza, na kila kitu kilikaa kwenye sanamu ya plasta kama kifuniko na sufuria yake. Mdomoni kikaelea.

Wakati huohuo mzee alikuwa na ugomvi mwingine, na fundi wake wa nguo. Kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa inaburuta chini. "Niliishonesha ikiwa inafika kwenye vifundo vya miguu," aliniambia. "Sasa nafagia msikiti. Yule mtu alinishonea kitambaa kinachorefuka." Nilicheka. Nilidhani ni kichekesho.

Sasa sikilizeni tabia yangu moja ambayo daktari aliilalamikia miaka yote. Situpi sanamu ya plasta. Kila taya nililowahi kumimina lilikuwa rafuni, limeandikwa jina na tarehe. Asubuhi moja, nikitafuta pa kuweka sanamu ya nne ya mzee, niliteremsha zile nyingine na kuzipanga mezani kwa tarehe. Nilitaka tu kulinganisha kazi yangu, nione nilipokosea.

Nikaona tuta la taya la chini. Kwenye sanamu ya kwanza lilikuwa limesimama, unaweza kulishika kwa vidole viwili. Kwenye ya pili lilikuwa vilevile, kwenye ya tatu limeshuka kidogo. Kwenye ya nne lilikuwa kama ukingo wa Tana baada ya mafuriko, umelika, umebaki mwembamba na butu. Meno yangu hayakuwa na kosa. Nilikuwa nikijenga nyumba na mwenye shamba alikuwa anapunguza kiwanja.

Mtu mwenye akili angeinuka na kumwita daktari. Mimi nilitoa simu nikaanza kusoma. Nilisoma kuhusu mifupa inayopungua nguvu mwili mzima, na kwamba taya nalo ni mfupa, na kwamba mtu anaweza kufupika uti wa mgongo ukijikunja, na kifundo cha mkono kuvunjika kwa anguko dogo. Kanzu. Mkono. Meno mawili yanayotikisika. Halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikaanza kutikisa meno yangu mwenyewe, moja baada ya jingine, nikaamua matatu yanacheza. Nikapima urefu wangu kwenye fremu ya mlango. Nikapima tena baada ya chakula cha mchana.

Nilikaa na siri hiyo siku kumi na mbili. Nikimwambia daktari, ningelazimika kumwonyesha sanamu, na mbili kati yake hakuzijua. Nikimwambia mzee, yeye angejua tu kwamba ametolewa kundini. Kila asubuhi nilijiambia nitasema mchana, na kila mchana nilipata kitu cha kung'arisha.

Siku ya kumi na tatu nilimpelekea seti ya nne malishoni. Bare alinichukua kwa gari lake, kwa kuwa naye alikuwa anakwenda kumsihi baba yake kuhusu kile chumba. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vilivyong'aa kama kazi yangu. Tulimkuta mzee akikamua.

Kama hamjawahi kuona ngamia akikamuliwa, hivi ndivyo inavyofanywa. Mkamuaji husimama kwa mguu mmoja. Mguu mwingine anauinua, anauegemeza wayo kwenye goti la mguu uliosimama, na juu ya paja hilo anaweka chombo. Mikono yote miwili inakamua. Ni mtu mzima aliyesimama kama korongo kando ya mnyama mwenye uzito wa gari dogo. Awowe Dakane alikuwa hivyo, na kile kifundo chake kilichopinda, na ule mgongo niliokuwa nimeusomea siku kumi na mbili.

Ngamia akahamisha mguu mmoja wa nyuma. Kidogo tu.

Nikapiga ukelele. Sijui hata nilisema nini. Bare anadai nilisema "Mifupa!" Ngamia alishtuka, akaruka upande, chombo kikaruka, na maziwa yote yakanimwagikia mimi. Mzee alishusha mguu wake wa pili chini polepole na kunitazama.

"Waryaa! Miaka sitini nakamua, hakuna ngamia aliyenitisha hivi!"

"Awowe, utavunjika!"

"Nani kasema?"

Basi nikasema yote. Nimesimama na maziwa kwenye kope, nikasema kuhusu taya, na kanzu, na mkono, na mlango wa nyuma, na sanamu ambazo daktari hakuzijua. Nikasema hata kuhusu fremu ya mlango, ambayo hakuna aliyeniuliza. Bare alisikia kila neno. Nilipomaliza, mzee hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe.

"Umefurahi sasa," alimwambia. "Nenda ukapanguse vumbi kwenye kiti."

Bare alitupakia garini wote wawili, moja kwa moja hadi mjini. Mzee aliketi mbele, ameyashika meno yake mkononi, kafunga mdomo.

Kliniki nilizipanga zile sanamu nne mbele ya Daktari Mwikali, kwa tarehe. Alizipitia moja moja. Kisha akaziinua mbili, zile za siri.

"Hizi chapa alichukua nani?"

"Mimi."

"Kwa plasta?"

"Hapana, daktari. Kwa uji wako."

Alizirudisha mezani kwa upole uliouma kuliko kofi. "Miezi tisa tangu seti ya pili," alisema. "Ungeniletea ya tatu tu, ningeuliza."

Alimkagua mzee vizuri kabla ya kusema lolote, na hapa nawaomba mtulie, maana ni kazi yenu. Jino linalotikisika mara nyingi ni ugonjwa wa fizi, na mzee alikuwa nao. Taya lisilo na meno hupungua kwa kila mtu, kwa sababu mfupa huwekwa na kazi. Jino likiondoka, mfupa uliolishikilia huona hauna tena cha kubeba. Kwa hiyo meno ya bandia yakilegea baada ya miaka, hakuna la ajabu. Lakini yakilegea kila baada ya miezi, na mtu amevunjika kwa anguko dogo, na amefupika, usishike tupa. Mwite daktari. Tena msidhani ni maradhi ya akina mama wazee peke yao. Sisi sote tulidhani hivyo, na mzee alidhani kuliko sote.

Alipelekwa hospitali akapimwa damu na kupigwa picha. Mifupa ilikuwa imepungua nguvu kweli, na pingili mbili za mgongo zilikuwa zimejikunja bila yeye kujua. Alidhani ni uchovu. Kabla ya kuanza dawa, Daktari Mwikali aliyang'oa yale meno mawili mabovu na kungoja kidonda kipone, kwa kuwa baadhi ya dawa za mifupa hazipatani na kung'oa meno baadaye. Nanyi muulizeni mgonjwa dawa anazokunywa, hata kama mnatengeneza jino moja tu.

Siku ya majibu walikuja wote, mzee na Bare. Bare alikuwa amekuja na neno lake tayari.

"Daktari, mwambie mwenyewe. Sasa ni kukaa. Chumba kipo, kiti kipo."

Mzee alitazama sakafu. Nilikuwa sijawahi kumwona akitazama sakafu. Hakubishana hata kidogo, na hilo ndilo lililonivunja moyo.

"Kukaa?" alisema Daktari Mwikali. "Nani alisema akae?"

Bare akashangaa.

"Umeona taya lake lilivyofanya lilipokosa kazi? Miguu nayo itafanya hivyohivyo. Huyu anatakiwa atembee, apate jua, anywe maziwa yake, ameze dawa yake. Kiti cha plastiki kitammaliza kabla ya ngamia. Ninachokataza ni kubeba mizigo, na hiyo ya kusimama kwa mguu mmoja kama korongo. Akitaka kukamua, miguu yote miwili iwe chini."

"Na chombo kitakaa wapi?" aliuliza mzee. Ilikuwa sauti yake ya sokoni tena.

"Mtu akushikie."

Mimi nilikuwa nikihesabu: siku kumi na mbili nimemficha mzee habari ambayo ndiyo ingemwacha na ngamia zake. Mzee aliinua kichwa polepole, akamgeukia mwanawe, na nikaona lile jino langu lenye ufa wa uongo likitokeza.

"Bare," alisema. "Njoo Jumamosi. Njoo alfajiri."

Nilikwenda nao Jumamosi hiyo, kuangalia kama seti inakaa. Inacheza kidogo upande wa kulia mpaka leo. Aliniambia nikiigusa atanivunja mimi mifupa. Mzee alikuwa amesimama kwa miguu miwili, nyayo zote mchangani, mabega yameegemea ubavu wa ngamia, anakamua. Upande wa pili alikuwa Bare, mwenye duka na simu mbili, kakunja suruali, kiatu kimoja cha ngozi kipo gotini na chombo kiko juu ya paja, anayumba.

"Goti juu," alisema mzee. "Juu zaidi. Una miaka mingapi wewe?"

"Arobaini na nne, baba."

"Hebu fungua mdomo nione."